Kuikuza Chevrolet 350 iwe 383 nyumbani: nini ununue, nini upime, nini umwachie mchongaji

Swali: Assalaam alaykum fundi. Niko Maskati, nina pikapu ya Chevrolet K1500 ya mwaka 1990 yenye injini ya lita 5.7, ile V8 ya 350 (yaani inchi za ujazo 350). Imechoka: inakula oili na kompresheni ya silinda mbili imeshuka. Nataka kuifungua mwenyewe gereji ya nyumbani na, kwa kuwa nishaifungua, niifanye 383. Nimepata seti ya kranki (shafti inayozungushwa na pistoni), konrodi (mikono inayoziunga pistoni na kranki) na pistoni bapa, zenye kichwa tambarare, kwa bei nzuri. Muuzaji anasema ni ya bloku za kabla ya 1986 lakini "inaingia tu". Je, inaingia kweli? Na mfumo wangu wa petroli utatosha? Gari inavuta trela ya mashua, na wikiendi naingia nayo mchangani Bidiyah.

Jibu: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Nianze na seti hiyo, maana ndiyo inayoweza kukutoa pesa kesho asubuhi. Usiinunue. Injini hizi zilikuwa na sili (kizuia oili) ya nyuma ya kranki ya vipande viwili mpaka 1985. Kuanzia 1986 ikawa sili ya duara moja, na kitako cha kranki, pale inapofungwa sahani ya flaiwili, kikabadilika umbo. Bloku yako ni ya sili moja. Kranki ya zamani haikai humo bila adapta, na adapta ukiipata bado unabaki na mtihani wa balansi. Kwenye 350 za zamani kranki ilibalansiwa yenyewe kwa yenyewe. Kwenye za sili moja kitako kilipunguzwa, uzito uliokosekana ukahamishiwa kwenye sahani ya nyuma. Ukichanganya vipande vya enzi mbili bila kujua uzito uko wapi, injini itatetemeka hadi imalize beringi. Seti za 383 za sili moja zipo tele sokoni, tena mpya. Tafuta hiyo.

Sasa tuelewane 383 ni kitu gani, kwa sababu hesabu yake ndiyo inayoamua kila kitu unachonunua baadaye. Ukoo huu wa V8 ulianza 1955 kwa injini ya inchi za ujazo 265, yaani lita 4.3. Yako, 350, ilikuja 1967. Mwaka 1970 wakatoa kubwa yao, 400, iliyodumu mpaka 1980, na kranki yake ilikuwa na mwendo, yaani umbali pistoni inaopanda na kushuka, wa milimita 95.25 badala ya 88.4 za kwako. Mafundi wa mashindano Marekani wakagundua kwamba ukiichonga mein (shingo zinazokaa kwenye bloku) ya kranki ya 400 kutoka inchi 2.65 hadi 2.45, inakaa kwenye bloku ya 350. Silinda wakazipanua kwa inchi 0.030, oversaizi ya kawaida ya ovahoo, na ukipiga hesabu unapata inchi za ujazo 383, kama lita 6.27. Ilizaliwa gereji. Baadaye GM (General Motors, wenye Chevrolet) wenyewe wakaanza kuiuza ikiwa mpya kwenye kreti. Siku hizi huhitaji kusaka kranki ya 400. Zinatengenezwa mpya zikiwa tayari na mein ya 2.45.

Angalia ukubwa unatoka wapi. Kupanua silinda kwa inchi 0.030 peke yake kunakupa chini ya sentimita za ujazo 90 kwa injini nzima. Mwendo mrefu wa kranki peke yake unakupa karibu 445. Kwa hiyo mchongaji akikwambia aende 0.060 ili "injini iwe kubwa zaidi", mkatalie. Utapata kiduchu, na kuta za silinda zitakuwa nyembamba kwenye mji ambao Julai joto linapanda zaidi ya nyuzi 45. Silinda zikisafika kwa 0.030, simama hapo, zikihitaji 0.040, bado ni salama, ila pistoni ziwe za saizi hiyo. Ndiyo maana usinunue pistoni kabla bloku haijapimwa.

Kabla sijaendelea, neno moja ambalo wauza seti hawatakwambia. Kama unachotaka ni nguvu farasi tu kwa bei ndogo, nunua 6.0 ya kizazi cha LS (V8 za GM zilizofuata ukoo huu) iliyotoka kwenye pikapu ya miaka ya 2000, uifunge bila kuifungua. Huko Ghuba hazikosekani. Lakini itakubidi ubadilishe nyaya, maunti, egzosti na mambo ya giaboksi, na gari yako haitakuwa tena ile. Kwa mtu anayetaka msukumo wa chini wa kung'oa trela na kupanda mchanga, na anayependa kujenga kwa mkono wake, 383 ni chaguo la haki. Upate picha: ile ya kreti ya GM, yenye hedi (vichwa vya silinda vyenye vali) za aina ya Vortec na kemshafti (shafti ya kufungua vali) ya upole, inatoa karibu farasi 340 na toki (nguvu ya kuzungusha) ya futi-pauni 435, sawa na kama Nm 590. Hicho ndicho kiwango cha kulenga. Anayekuahidi farasi 500 kwa petroli ya kawaida na gari ya kuvutia trela anakuuzia maneno.

Kazi igawe hivi. Vitu vinavyotaka mashine vyote vimwendee mchongaji: kuosha bloku kwa kemikali, kutafuta nyufa, kuchonga na kuhoni silinda (kuzimalizia kwa mawe ya kusugua), kusawazisha uso wa juu wa bloku, na kubalansi. Ukiuliza sanaiya (eneo la karakana) ya Wadi Kabir au Ghala utaelekezwa kwa wachongaji, lakini mchague kwa swali moja: ana bamba la toki la 350? Ni bamba nene la chuma linalofungwa juu ya bloku kwa toki ileile ya hedi wakati wa kuhoni, kwa sababu bolti zikikazwa silinda zinapinda kidogo. Silinda iliyohoniwa bila bamba inaweza kuwa duara ikiwa mezani na yai ikiwa imefungwa hedi, na oili utaendelea kuila kama sasa. Asiyejua unachozungumzia, mshukuru uende kwa jirani yake.

Nyumbani ubaki na kazi ya kupima na kuunga, ambayo ndiyo ndefu. Vifaa: mikromita, geji ya ndani ya silinda, saa ya kupimia yenye sumaku, fila geji, na spana ya toki unayoiamini. Usiazime spana ya toki ambayo hujui imeangushwa mara ngapi.

Kranki mpya inafanya mambo mawili ambayo 350 haikuyajua. Kwa kuwa mwendo umeongezeka kwa karibu milimita 6.9, pistoni inapanda juu zaidi kwa nusu yake, milimita 3.4, na konrodi inatanuka pembeni kwa kiasi hichohicho. La juu linatatuliwa na pistoni zake maalumu, ambazo tundu la pini limesogezwa juu kwa milimita 3.4 hizo. La pembeni linakungoja wewe na grainda.

Chukua bloku iliyokwisha chongwa, weka beringi za mein na kranki, kisha ingiza pistoni moja bila ringi pamoja na konrodi yake. Zungusha kwa mkono polepole. Kwenye mguu wa silinda, na kwenye ukingo wa bloku pale inapokaa gasketi ya sampo (trei ya oili), utaona bolti ya konrodi inapita kwa unywele au inagusa kabisa. Unataka nafasi ya milimita 1.5. Tumia waya wa unene huo kama kipimo: ukipita bila kubanwa, inatosha. Weka alama kwa kalamu, toa kila kitu, saga kidogo, rudisha, pima tena. Halafu silinda inayofuata, mpaka nane, kwa sababu bloku hizi zilimwagwa kwenye kalibu na hazifanani kila mahali. Saga kidogo kidogo, kwani nyuma ya ukuta huo kuna njia ya maji na ukiitoboa bloku imekwenda. Watengenezaji wengi wa konrodi wamerahisisha kazi hii kwa bolti fupi na mabega yaliyokatwa, ila hakuna cha kukuondolea kupima.

Wakati huohuo weka kemshafti utakayotumia, ikiwa na cheni na imewekwa taimingi yake, uangalie bega la konrodi na nundu za kemshafti. Silinda 1, 2, 5 na 6 ndizo wasumbufu. Chini ya milimita 1.3 hapo sikubali. Konrodi zikiwa za umbo la 383 kwa kawaida zinapita. Zisipopita, kuna kemshafti za kiini chembamba. Na kwa urefu wa konrodi chukua inchi 5.7, ule wa asili. Inchi 6.0 zinasifiwa sana, lakini zinaisukuma pini ya pistoni mpaka ndani ya mfereji wa ringi ya oili, na kwa injini ya kuvuta trela sioni faida inayolipia hilo.

Ukimaliza kusaga, bloku irudi kuoshwa upya, kwa sabuni na brashi ndefu ndani ya kila tundu la oili, mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe. Unga wa grainda ukibaki kwenye njia ya oili, utazijua beringi zako kabla ya kilomita mia.

Tuje kwenye pistoni bapa za muuzaji wako. Silinda moja ya 383 inameza sentimita za ujazo 784. Tuseme chumba cha hedi ni 64, gasketi ya unene wa inchi 0.041 inaongeza karibu 9, pistoni ikiwa chini ya uso wa bloku kwa inchi 0.025 inaongeza 5, na mikato ya vali kwenye pistoni bapa 5 nyingine. Jumla 83. Jumlisha 784 na 83, gawanya kwa 83, unapata kompresheni ya 10.4 kwa 1. Kwa hedi za chuma, petroli ya oktani 95, trela nyuma na joto la Maskati, hiyo itagonga, yaani petroli italipuka yenyewe ndani ya silinda. Pistoni za bakuli la 18 zikiwa na uso wa bloku uliochongwa mpaka pistoni ilingane nao kabisa, jumla ni 91, na unapata 9.6. Hapo ndipo ninapotaka uwe.

Mtu atakuuliza: kwa nini uchonge uso halafu uweke bakuli, wakati ungeacha pistoni chini na kupata kompresheni ndogo bure? Kwa sababu ile nafasi ya ukingoni kati ya pistoni na hedi ikiwa karibu milimita 1, pistoni ikifika juu inaisukuma hewa kwa nguvu kuelekea kwenye plagi, moto unaenea upesi na injini haigongi kirahisi. Ukiiacha pana, unapata injini yenye kompresheni ya chini ambayo bado inagonga, na watu wanashangaa kwa nini. Hilo ndilo kosa ninaloliona zaidi kwenye 383 za nyumbani, nyingine za watu wanaojua kazi.

Hedi zako za asili ziache. Zile za 5.7 za miaka yako zina kibao ndani ya njia ya hewa cha kuizungusha hewa. Nzuri kwa kubana petroli, lakini juu ya mizunguko 4,000 zinakaba, na ukiongeza ujazo chini yake zinakaba mapema zaidi. Tafuta hedi za Vortec za 5.7 za kuanzia 1996, kutoka Suburban au Tahoe iliyokatwa. Vyumba vyake ni 64, hesabu yetu haibadiliki. Zipimwe nyufa kabla hujalipa, hasa kati ya vali, kwani zilizowahi kuchemsha hupasuka. Zinataka manifoldi (njia za kuingizia hewa) yake ya bolti nane. Ya kwako ya 1990 haifungi. Na springi na gaidi zake za asili zina mpaka: usipitishe mnyanyuo wa vali inchi 0.450 bila kuchonga. Kama utakuta injini nzima ya Vortec kwa bei ya maana, inunue yote. Bloku yake ni ya sili moja kama yako na inatumia tapeti (visukuma vali) za rola, nawe utaendelea kuendesha gari huku ukijenga.

Kama utabaki na bloku yako, kemshafti ni ya tapeti bapa. Chagua ya upole, yenye muda wa kufungua vali wa nyuzi 210 hadi 218 ukipima kwenye mnyanyuo wa inchi 0.050. Kemshafti ileile kwenye injini kubwa zaidi inakuwa mpole zaidi, hivyo sauti ya kuchechemea unayoisikia kwa vijana wa mashindano usiitafute hapa.

Balansi: kranki, konrodi, pistoni, ringi, beringi, puli ya mbele na sahani ya nyuma vyote viende pamoja kwa mbalansi. Muulize muuza seti kama imekusudiwa kubalansiwa kwa ndani au kwa nje, na ununue puli na sahani ya aina hiyo. Kranki ya asili ya 400 ilikuwa ya nje mbele na nyuma. Seti yako inaweza kuwa vyovyote.

Kuunga hakuna siri, kuna uvumilivu. Nafasi ya oili kwenye mein ilenge inchi 0.0025, kwenye konrodi 0.002 hadi 0.0025. Ringi ya juu, ukiiweka ndani ya silinda yake na kuilaza sawasawa kwa kichwa cha pistoni, mdomo wake uwe inchi 0.016 au zaidi kidogo. Mdomo mdogo unafunga ringi injini ikipata moto, na pistoni inavunjika ukingo. Vali ya kuingiza isipungue milimita 2 kutoka kwenye pistoni, ya kutoa 2.5. Mein kaza futi-pauni 70, hedi 65 kwa hatua tatu kutoka katikati kwenda nje. Kama boksi la bolti zako limeandikwa namba nyingine, fuata boksi. Matundu ya bolti za hedi kwenye injini hii yametoboka mpaka kwenye maji, kwa hiyo kila bolti ipakwe sili ya nyuzi. Fundi aliyezoea Toyota husahau, kisha anaikuta kulanti (maji ya kupozea) ikipanda kwenye bolti na kuilaumu gasketi.

Kabla ya kuwasha, toa distributa (kigawa moto cha plagi). Pampu ya oili inaendeshwa na mguu wake, kwa hiyo ukipitisha kifaa cha kuprimu kwenye tundu hilo na kukizungusha kwa drili, kwa mwendo wa saa, unaijaza injini oili ikiwa imesimama. Nunua kifaa chenye mwili kama wa distributa. Fimbo tupu inaacha oili itoroke pembeni na upande mmoja wa tapeti haupati presha. Endesha drili huku mtu akizungusha kranki polepole, mpaka oili itoke kwenye roka (mikono inayobonyeza vali) zote 16. Ndipo urudishe distributa, mpangilio wa moto 1-8-4-3-6-5-7-2.

Kwa tapeti bapa, dakika za kwanza ndizo roho ya kemshafti. Uwe na oili yenye zinki ya kutosha, maji yamejaa, taimingi iko karibu na sahihi, feni mbele ya rejeta. Ikiwaka tu, ipandishe mizunguko 2,000 na uichezeshe kati ya hapo na 2,500 kwa dakika 20. Usiiache kabisa kwenye silensa (mzunguko wa chini, bila kukanyaga pedali). Ikivuja au ikichemka, zima, rekebisha, endelea pale ulipoachia. Kisha mwaga oili, kata filta kwa kisu chake na uikunjue karatasi mwangani. Vumbi la kijivu la kuunga ni la kawaida. Vipande vinavyong'aa vinavyoshikika na kucha si vya kawaida.

Kuhusu petroli: hapana, mfumo wako hautatosha. Injini hii kwenye mizunguko 5,500 inataka kama futi za ujazo 610 za hewa kwa dakika, na zile injekta mbili za asili pamoja na kompyuta yake zilipangiwa 350 ya upole. Wengi watakwambia weka kabureta ya 650, na kwa barabara ya lami wako sahihi. Ila wewe unapanda mchanga. Kwenye mteremko mkali petroli inahama ndani ya bakuli la kabureta, na injini inazama au inakata mafuta pale hasa unapoihitaji. Kwa hiyo mimi ningefunga throtobodi (mlango wa hewa wenye injekta zake) ya kisasa ya injeksheni inayojifunza yenyewe, inayokaa juu ya manifoldi ya kabureta ya midomo minne. Pampu yako ya ndani ya tangi inatoa psi 9 hadi 13, hiyo inataka karibu 58, basi pampu na mipira yake vibadilike. Distributa yako nayo inategemea kompyuta ya zamani kuchapua moto. Utahitaji inayoendana na mfumo mpya.

Na giaboksi. Ya 1990, ikiwa ni otomatiki, ni 700R4, haina kompyuta ya kuibadilishia gia. Ina waya unaotoka kwenye throto, nao ndio unaoiambia ibane klachi zake kwa presha gani. Throtobodi mpya isipokuwa na mkono wenye pembe sahihi wa waya huo, utaiunguza giaboksi siku ya kwanza ukivuta trela, ukiwa na injini nzuri kabisa mbele. Nunua bano lake pamoja na throtobodi. Injini ikiwa imezimwa, mtu akanyage pedali mpaka chini, nawe uangalie kwa macho kwamba waya umevutika wote, bila kubaki ulegevu na bila kuizuia throto kufunguka. Na kwa kuwa una trela, ongeza kipoza oili cha giaboksi mbele ya rejeta siku hiyohiyo, kabla hujaitoa gari nje ya geti.